Wajina wakikutana, nani aongeze herufi?

Ukitaja Churchill pale Nairobi, makanga wa matatu hatafikiria Vita Kuu ya Pili wala sigara nene, atamfikiria Daniel Ndambuki, yule mchekeshaji wa Churchill Show, Mwalimu King'ang'i wa redioni asubuhi. Ukitaja London unapata jibu lingine. Na ungetaja Marekani mwaka 1899 ungepata jibu la tatu ambalo siku hizi karibu hakuna anayelikumbuka, mwandishi wa riwaya mzaliwa wa St. Louis. Hoja yangu mimi ni fupi ingawa maelezo yatakuwa marefu, mnivumilie: jina halina mwenyewe wa kudumu, na anayelibeba mara nyingi sio aliyeanza nalo wala aliyefanya kazi bora kuliko wajina wake, ni yule ambaye fani yake ina kelele nyingi na watazamaji wengi. Wale wengine wote wanaambiwa waongeze herufi katikati.

Tuanze na hao wawili wa zamani maana kisa chao kinanifurahisha kila nikikirudia. Winston Churchill Mmarekani alizaliwa 1871, Winston Churchill Mwingereza 1874. Mwaka 1899 jina kubwa ni la Mmarekani, riwaya yake ya Richard Carvel imetoka mwaka huohuo na inatembea balaa, kila mtu anaisoma. Mwingereza ana miaka 24, ndo kwanza anaachana na jeshi, anaandika magazetini, na ana riwaya yake inaitwa Savrola inatoka kwa vipande kwenye jarida moja la London. Basi jamaa akaanza kupokea pongezi, watu wanamwambia hongera kwa riwaya, na yeye kwa jinsi alivyokuwa anajikubali akajua ni Savrola hiyo imewakuna watu. Kumbe wanampongeza kwa kitabu cha mwenzake!

Alivyogundua akakaa chini akaandika barua, Juni 1899, na barua yenyewe ameiandika kama vile anamzungumzia mtu mwingine mwanzo mpaka mwisho, kwamba Bwana Winston Churchill anamsalimu Bwana Winston Churchill na anaomba kumfikishia jambo linalowahusu wote wawili. Akasema ameamua kuanzia hapo kila atakachochapisha atasaini Winston Spencer Churchill ili wasomaji wasichanganyikiwe. Mmarekani naye akajibu kwa mtindo uleule, Bwana Winston Churchill anamshukuru Bwana Winston Churchill kwa uungwana wake, na kama angekuwa na jina lingine lolote basi yeye ndo angeliongeza, sema hana.

Hebu angalia ni nani aliyeongeza. Ni yule ambaye hakujulikana. Mwingereza huyo ni mjukuu wa mtu wa tabaka la juu kabisa kule kwao, Duke wa Marlborough, amekulia kwenye ukubwa, lakini kwenye soko la vitabu alikuwa mgeni, kwa hiyo alivua kofia. Hiyo heshima mimi naipenda sana, siku hizi mtu angefungua kesi au angeenda mtandaoni kumtukana mwenzake.

Sasa miezi mitano baadaye, Novemba 1899, Mwingereza yuko Afrika Kusini kama mwandishi wa habari za vita, anakamatwa na Makaburu, anafungwa Pretoria, Desemba anatoroka, anajificha kwenye treni ya mizigo mpaka Lourenço Marques, hiyo Maputo ya leo. Magazeti ya Uingereza yakachizika. 1900 kaingia bungeni. Desemba mwaka huo yuko Marekani anazunguka anahutubu kwa malipo, akafika Boston, na Winston Churchill wa huko akamfanyia karamu, wakapeana hotuba za kusifiana. Mwingereza mwenyewe alikuja kusimulia baadaye kwamba pamoja na adabu zote hizo mkanganyiko uliendelea, barua zake zote zilipelekwa kwa mwenzake, na bili ya ile karamu ikaletwa kwake yeye. Yani umealikwa chakula alafu unaletewa bili kwa sababu ya jina.

Mmarekani hakuwa mtu wa hovyo, kabla mtu hajadhani. Aliendelea kuuza vitabu miaka kadhaa mbele, akaingia kwenye bunge la jimbo la New Hampshire, akagombea ugavana 1906 na 1912 akashindwa zote mbili. Baadaye akaacha kuandika kwa ajili ya watu. Alifariki 1947, na mpaka hapo jina lake mwenyewe lilishakuwa la mtu mwingine kabisa. Mwingereza akapewa Nobeli ya fasihi 1953, ya FASIHI, na kwenye majalada ya vitabu vyake ile S. bado ipo, Winston S. Churchill, alama ya deni la ujana ambalo hakuna tena aliyekuwa anamdai. Na kilichogeuza kibao hapo sio kwamba Savrola ilikuja kuwa nzuri kuliko Richard Carvel, hata mwenyewe Savrola hakuwa anaisifia. Ni vita na siasa. Fani ya siasa ina kipaza sauti, fani ya riwaya ina taa ya mezani.

Tuje kwa Michael Jordan maana hapa ndo mambo yanakuwa wazi zaidi. Wako watatu wakubwa na wote wamezaliwa Februari, sijui mwezi huo una nini. Wa kikapu, Michael Jeffrey, tarehe 17 Februari 1963. Muigizaji, Michael Bakari, tarehe 9 Februari 1987, na ndiyo, hilo ni Bakari letu hilihili la kina Bakari wa Tanga na Lamu, Wamarekani weusi wengi wamewapa watoto majina ya huku. Na wa tatu, mkubwa kuliko wote kwa umri, Michael Irwin, 25 Februari 1956, profesa aliyefundisha takwimu na kompyuta pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Huyu profesa ukimuuliza mtu wa mtaani hamjui. Lakini kaa na mtu anayesomea akili mnemba umtajie Michael Jordan uone, atakuuliza "yupi?" na hatanii. Mwaka 2003 yeye pamoja na David Blei na Andrew Ng walichapisha njia ya kuifanya mashine isome rundo la maandishi, hata maelfu kwa maelfu, ikatambua yenyewe kwamba hapa panazungumziwa afya, hapa michezo, hapa uchumi, bila mtu kuiambia mada ni zipi. Njia hiyo ilitumika kila kona, magazetini, kwenye historia, kwenye vinasaba. Ng mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake. Yoshua Bengio ambaye leo ni jina zito duniani kwenye akili mnemba alifanya utafiti chini yake MIT baada ya kumaliza udaktari. Yani huyu mzee ukikata miti aliyoipanda msitu unabaki na visiki.

Mwaka 2016 jarida la Science liliandika habari ya programu mpya iliyotengenezwa kupima ni wanasayansi gani wa kompyuta wana ushawishi mkubwa, na kichwa cha habari kikauliza Michael Jordan wa sayansi ya kompyuta ni nani. Jibu la programu likatoka: Michael Jordan. Nilicheka, ila ukitulia unaona uonevu uliomo. Hata siku ambayo mtu amekuwa namba moja kwenye fani yake, anasifiwa kwa kipimo cha wajina wake wa kikapu. Kwanini asiulizwe wa kikapu kama yeye ndo Michael Jordan wa takwimu? Wa Berkeley kazaliwa miaka saba kabla, jina kalianza yeye. Lakini takwimu haina viatu vinavyouzwa madukani. Jordan wa Chicago Bulls ana ubingwa mara sita, sawa, ni mkali na mimi sibishi, ila pia kuanzia 1984 ana mkataba wa Nike na jina lake likahama kutoka kwa mtu likawa bidhaa, mpaka leo kuna kijana Kariakoo anauza Jodani na hajawahi kuona mechi hata moja ya yule bwana.

Bakari naye kapitia yake. Baba yake pia anaitwa Michael Jordan, kwa hiyo jina kalipata nyumbani kihalali kabisa, lakini ameshaeleza mara kadhaa kwamba utotoni alitaniwa sana, hasa kwa vile alikuwa anacheza kikapu, hebu fikiria uko uwanjani umekosa goli na unaitwa Michael Jordan. Aliwahi kufikiria kulibadilisha. Hakubadilisha, aliweka ile B. katikati akapambana. Na utani haukuisha hata alipokuwa staa: kwenye ile filamu ya LeBron James na vikatuni ya 2021, timu imezidiwa, mmoja anakuja mbio kasema kamuona Michael Jordan kwa watazamaji, watu roho zinapanda, anaingia... Michael B. Jordan. Kakubali kucheza hicho kipande mwenyewe. Mimi naona huo ndo ukubwa, maana mtu ambaye jina bado linamuuma asingekubali.

Kwa Michael Jackson ni balaa zaidi kwa sababu kule kuna mmoja mwenye sauti ya kufunika wote. Mwanamuziki alizaliwa 1958, na 1992 alifika mpaka Dar, wazee wa mjini bado wanaisimulia. Sasa kulikuwa na Michael Jackson mwingine, Mwingereza wa Yorkshire, kazaliwa 1942, kazi yake kuandika kuhusu bia. Usicheke. Kitabu chake cha 1977 kuhusu bia za dunia ndicho kilichowafundisha watu kuzipanga bia kwa aina zake na namna zinavyopikwa, na bia za Ubelgiji kujulikana hivyo nje ya kwao kuna mchango wake mkubwa. Alafu akahamia wiski akafanya vilevile. Alikuwa na kipindi cha televisheni, na mwanzoni anajitambulisha kwamba yeye ni Michael Jackson, hapana sio yule, ila na yeye yuko kwenye ziara ya dunia, anatafuta bia nzuri. Hapo kamaliza kazi. Badala ya kukimbia kivuli kakitumia kuvuta watu. Alifariki Agosti 2007 na kwenye dunia ya bia jina hilo mpaka leo ni lake.

Wa tatu ni jenerali wa Uingereza, Sir Mike Jackson, aliyefariki 2024. Juni 1999 Kosovo, Warusi wamewahi uwanja wa ndege wa Pristina kabla ya NATO, Jenerali Wesley Clark wa Marekani anataka njia za ndege zizibwe, Jackson akamkatalia kwamba hawezi kumuanzishia vita vya tatu vya dunia. Mmoja wa maofisa vijana waliokuwa mbele pale ni James Blunt, ndiyo, yule mwimbaji. Sasa niambie kati ya kuimba na kuzuia risasi za kwanza kati ya NATO na Urusi, kipi kizito? Lakini sachi Michael Jackson uone jenerali yuko wapi. Na yeye alijua, alibaki kuwa Mike.

Kuna mtu ataniambia hapa "wewe acha, mkali ndo anabaki na jina, wengine wivu tu". Ingekuwa hivyo jina lisingehama. Angalia Steve McQueen. Kwa baba zetu waliokuwa wanaingia sinema, huyo ni muigizaji wa Marekani, wa pikipiki na magari, aliyefariki 1980. Kwa kijana wa Kisumu leo Steve McQueen ni Mwingereza mweusi wa London, dairekta wa filamu iliyompa Lupita Nyong'o Oscar mwaka 2014. Wote kazi yao ni filamu, na hakuna aliyeongeza herufi hata moja. Kilichobadilika ni watazamaji, basi.

Waigizaji wenyewe waliliona hili mapema wakaliwekea sheria, vyama vyao haviruhusu wanachama wawili kusajiliwa kwa jina moja. Ndo maana Michael Keaton, ambaye kwao ni Michael Douglas, ilibidi atafute la kwake kwa sababu mtoto wa muigizaji Kirk Douglas alishalichukua. David Tennant ni David McDonald. Emma Stone ni Emily, ila Emily Stone lilishakuwa na mtu. Kwenye muziki hakuna chama cha kukubana lakini David Jones aliona kuna Davy Jones wa bendi ya The Monkees, akajiita Bowie, na nadhani tunakubaliana hakupoteza.

Huku kwetu wasanii wa Bongo Fleva walimaliza tatizo bila chama wala barua, kila mtu kaja na a.k.a. yake. Joseph Mbilinyi na Joseph Haule, kwa majina hayo unaweza kudhani ni makarani wawili wa ofisi moja. Sema Sugu na Profesa Jay uone mtaa unavyoitika. Na walivyoingia siasa, mmoja Mbeya Mjini mwingine Mikumi, jina la jukwaani ndo lilitangulia kufika kwa wapiga kura.

Wanariadha wa Kenya hawana a.k.a. na wanaumia. Robert Cheruiyot ameshinda marathoni ya Boston mara ngapi? Ukijibu tano umekosea, ni watu wawili. Robert Kipkoech Cheruiyot alishinda 2003, alafu 2006, 2007 na 2008. Aliyeshinda 2010 ni Robert Kiprono Cheruiyot, kijana wa miaka 21, saa 2:05:52, na rekodi ya njia aliyoivunja, 2:07:14, ilikuwa ya nani? Ya Robert Kipkoech Cheruiyot. Kwa hiyo Robert K. Cheruiyot kavunja rekodi ya Robert K. Cheruiyot, herufi ya katikati haijasaidia kitu. Na kinachoniudhi ni kwamba Wakalenjin walishawatofautisha siku wanazaliwa, Kipkoech ni wa alfajiri na Kiprono wa jioni mbuzi wanaporudi, ila magazeti yanakata jina la kati ili kichwa cha habari kitoshe, alafu wanakuja kulalamika kwamba majina ya Wakenya yanachanganya. Majina hayachanganyi, nyie ndo mnakata.

Patrick Makau ni kisa cha pili na hiki ni cha fani mbili kabisa. Patrick Makau Musyoki ndiye aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni Berlin, Septemba 2011, saa 2:03:38, akamvua Haile Gebrselassie. Patrick Makau King'ola ni mwanasiasa, kawa mbunge wa Mavoko, Athi River pale. Wote Wakamba, wote Machakos. Rekodi ile ilidumu miaka miwili, 2013 Wilson Kipsang akaivunja, na mwanariadha majina yake yanatajwa siku za marathoni tu, ila mbunge anatajwa kila kukiwa na mkutano, kila kukiwa na mgogoro wa ardhi, na Mavoko migogoro ya ardhi haiishi. Binadamu aliyeshika rekodi ya dunia ya umbali ule, anafunikwa na habari za ploti.

Mpaka hapa nimeongelea bahati mbaya tu, ila kuna wanaotengeneza wajina kwa makusudi. St. Petersburg, Urusi, 2021, mgombea wa upinzani Boris Vishnevsky aliamka akakuta kwenye karatasi ya kura yuko na Boris Vishnevsky wengine wawili. Walikuwa wamebadilisha majina kisheria, na sio jina tu, picha zilipobandikwa wote watatu wana vipara na ndevu za mvi zilezile. Pale hakuna mtu wa kumwandikia barua ya adabu.

Wanasayansi, ambao ndo wanaoumia kimyakimya kuliko wote kwa sababu kule Uchina au Korea unaweza kukuta mamia wanaandika tafiti kwa jina moja, wao wamekata tamaa na majina. Tangu 2012 wana ORCID, namba ya tarakimu 16, unaandika tafiti zako zote chini ya hiyo hata kama mnaitwa Wang Wei mpo ukumbi mzima. Sisi Watanzania wenye kina Juma Hamisi Juma wa kumwaga tunayo namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Wale kina Jordan wa Februari wangekuja kujiandikisha huku foleni isingesimama hata dakika.